Kiingereza cha kubebea sofa

Mwanafunzi wa Kitanzania anayeingia Kidato cha Kwanza baada ya kusoma shule ya msingi kwa Kiswahili hukabidhiwa kitabu cha Baiolojia cha Kiingereza. Baada ya miezi michache anaweza kukariri maana ya usanisinuru kwa lugha hiyo bila kukosea. Mgeni akimwomba kwa Kiingereza hichohicho ashike meza upande wa pili waisogeze, anaduwaa. Kuinua, kugeuza, kuegemeza, kushusha taratibu: maneno hayo hajawahi kufundishwa, kwa sababu hayaji kwenye mtihani.

Yamejaa tele kwenye vichekesho vya televisheni, vile ambavyo wazazi wengi huvizima ili mtoto akasome.

Mfano mzuri umo katika Friends, mfululizo wa Marekani ulioonyeshwa na NBC kuanzia 1994 hadi 2004. Katika kipindi kimoja cha 1999, Ross, mmoja wa wahusika wakuu, ananunua sofa. Anaona gharama ya kuletewa nyumbani ni kubwa mno, karibu sawa na bei ya sofa yenyewe, basi anaamua kuibeba kwa msaada wa rafiki zake, Rachel na baadaye Chandler. Ross amejiandaa mpaka akachora mchoro. Kwenye kona ya ngazi sofa inakwama, naye anaanza kupaza sauti, “Pivot!”, yaani zungusheni, tena na tena, huku wenzake wakihangaika na mzigo usiogeuka. Mwishowe anairudisha dukani ikiwa imekatwa vipande viwili, na duka linakubali kumpa dola 4 tu, tena za kununulia bidhaa palepale.

Mtazamaji asiyejua neno hilo analielewa kwa macho kabla hajaelezwa na mtu. Anamwona anayeamrisha, anakiona kinachotakiwa kuzunguka, anaona pia kwamba hakizunguki. Neno linarudiwa kiasi kwamba kulisahau ni kazi. Na dukani anapata zawadi nyingine: namna ya kubembeleza muuzaji kwa Kiingereza, jambo ambalo kitabu cha sarufi huligusa kwa nadra sana.

Kiongozi wa kundi la muziki la BTS la Korea Kusini, RM, aliwahi kueleza kwenye televisheni ya Marekani mwaka 2017 kwamba Friends ndiyo iliyomfundisha Kiingereza. Mama yake alimnunulia DVD akiwa kijana. Kwanza alitazama na maandishi ya Kikorea chini ya picha, kisha ya Kiingereza, halafu akayaondoa kabisa. Siri iko katika hatua hizo. Anayetazama mara moja, akacheka na kwenda kulala, amestarehe tu.

Hatua ya katikati ina uzito wa kipekee. Mwaka 2009 watafiti Holger Mitterer na James McQueen walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya nchini Uholanzi. Wanafunzi wa huko walitazama kichekesho cha Australia, Kath & Kim, au filamu yenye lafudhi ya Kiskoti. Waliosoma maandishi ya Kiingereza walipotazama waliizoea lafudhi ngeni vizuri zaidi. Maandishi ya Kiholanzi yaliwavuruga, ingawa hadithi waliifuata. Hapa Afrika Mashariki kuna la kujifunza. Filamu zinazosimuliwa kwa Kiswahili na mafundi kama DJ Afro wa Kenya ni burudani ya haki, na usimulizi huo ni sanaa. Lakini sauti ya msimulizi hufunika ya mwigizaji, na Kiingereza hakimfikii msikilizaji.

Kuchagua pia kunahitaji busara. Mind Your Language, kichekesho cha Uingereza kilichoanza 1977, kinahusu darasa la Kiingereza la wageni jijini London, na kingeonekana kufaa kuliko vyote. Ila kicheko chake kinatokana kwa kiasi kikubwa na makosa ya wanafunzi hao na vijembe kuhusu mataifa yao. Mtoto anayejifunza lugha hahitaji kuonyeshwa kwamba anayekosea ni kituko. Darasani anazomewa vya kutosha, na katika baadhi ya shule huvishwa hata kibao shingoni akikutwa anazungumza Kiswahili. Ross anachekwa kwa ukaidi wake, si kwa lafudhi yake, na hiyo ni tofauti kubwa.

Walimu wa Kiingereza wa Kidato cha Kwanza hawana sababu ya kusubiri mtaala mpya. Kipande cha dakika mbili kinaingia kwenye simu, na runinga ya shule, pale ilipo, inatosha darasa zima. Wakionyeshe bila maandishi, kisha na maandishi ya Kiingereza, halafu wawape wanafunzi dawati walibebe hadi nje, wakiamrishana kwa Kiingereza. Kipindi kimoja kwa wiki kinatosha kuanza.