Gari Lililokuwa Zima Mchana na Bovu Alfajiri

Wasomaji wetu, hasa akina mama, watatuwia radhi juma hili tukizungumzia valvu za gari. Hatukuyataka sisi. Tulikwenda Eldoret, mtaa wa Pioneer, kumjulia hali binti wa ndugu yetu, tukafikia ugomvini.

Binti huyu na mumewe wana Volkswagen ya zamani, ile yenye mgongo wa kobe na injini nyuma. Waliinunua kwa kijana mpenda mbio aliyekwisha kuifungua injini akaitia pistoni kubwa na kabureta mbili. (Gari la namna hiyo ndilo lililoshinda Safari Rally mwaka 1962, na mume hachoki kulitaja jambo hilo.) Kwa gari hilo watoto hupelekwa chuoni, na mahamri ya binti yetu huwafikia wateja kabla ya saa moja asubuhi.

Shauri tuliloletewa lilikuwa hili. Fundi wa mtaani alirekebisha tapeti, yaani nafasi ndogo inayoachwa baina ya valvu na kile kinachoisukuma. Tangu siku hiyo, asema mume, gari haliwaki alfajiri. Likiwaka hutetemeka kama mgonjwa wa homa. Fundi naye asema amelijaribu mara tatu mchana na halina neno. Shilingi 2,500 za ujira zimezuiliwa, na neno "mwizi" limetamkwa mbele ya majirani. Zaidi ya hayo, usiku mmoja mtoto alishikwa na homa kali, gari likagoma, mama akambeba kwa bodaboda katika baridi ile. Hapo ndipo hasira ya mume ilipopata mzizi, wala hatukuweza kumlaumu.

Chuoni tulifundishwa kuwa mwenye kudai ndiye atakayeleta ushahidi. Hapa kila mmoja alikuwa nao, na kila mmoja alisema kweli.

Waliotutangulia kutoa shauri walilitazama moshi. Plagi zilikuwa nyeusi kwa masizi, wakahukumu kabureta. Masizi yalikuwa ya kweli, lakini yana sababu yake. Eldoret iko yapata mita 2,100 juu ya bahari, na hewa ya huko ni pungufu kwa takriban sehemu moja kati ya tano kuliko ya kwetu Mombasa. Kabureta iliyopimwa kwa hewa ya pwani hutoa petroli nyingi kupita hewa iliyopo. Fedha zikatumika kwa plagi mpya, na alfajiri iliyofuata gari likagoma vilevile.

Aliyefumbua fumbo ni binti yetu mwenyewe. "Ami," alituambia, "kabureta ilikuwa hii hii kabla ya tapeti. Mbona haikugoma wakati huo?" Basi baada ya sala ya alfajiri akachukua spana, akaizungusha injini kwa mkono, polepole, ikiwa baridi kabisa. Injini ya silinda nne, katika mizunguko miwili, yapasa kuukinza mkono mara nne, kwani kila silinda huibana hewa yake kwa zamu. Yeye alikutana na ukinzani mara mbili tu. Adhuhuri, gari likiwa limetoka safari, akarudia: mara nne. Alipotueleza tulitikisa kichwa kama tuliofahamu. Ukweli ni kwamba tulifahamu baadaye.

Mwenye jiko atafahamu upesi. Valvu ni kama mfuniko wa sufuria. Ukiacha kijiko ukingoni, mfuniko haukai, na mvuke wote hutoroka. Alfajiri valvu kadhaa hazikuwa zikifunga, mchana zilifunga. Ni nini basi kilichokuwa kikirefuka na kufupika kwa siku moja?

Akampigia simu kijana aliyewauzia, akamwuliza alichobadilisha ndani. Jibu lilikuwa fito. Katika injini hii valvu husukumwa na fito ndefu, na zile za kiwandani ni za alumini, ambazo hutanuka kwa joto karibu sawa na mwili wa injini. Kwa hizo kipimo ni milimita 0.15, injini ikiwa baridi. Kijana alizitoa akatia za chuma cha pua-kali, kwa ajili ya mbio. Chuma hutanuka kidogo kuliko alumini. Injini ikipata moto, mwili wake hukua na fito hubaki nyuma, nafasi ikaongezeka. Ndiyo maana fito za namna hiyo hupimwa kwa sifuri wakati wa baridi: ufito uzunguke kwa vidole, lakini usicheze.

Fundi hakuambiwa. Alipima 0.15 kama ilivyo ada, na injini ilipopata moto ikagonga tak-tak-tak hata mume akaona haya kupita sokoni. Akamtaka fundi ainyamazishe. Fundi akazikaza tapeti injini ikiwa moto mpaka sauti ikakoma, na hapo ndipo kosa lilipozaliwa. Usiku injini ilipopoa na kusinyaa, fito hazikusinyaa kwa kadiri ile, zikazishikilia valvu wazi. Mchana fundi alikuta kila kitu shwari.

Tukamwita fundi kesho yake kabla ya jua kuchomoza. Akaja na vibamba vyake vya kupimia, akavua vifuniko, akajaribu kuzungusha fito. Nne kati ya nane hazikusogea. Akatazama chini. Mume naye akatazama chini, kwani ndiye aliyedai kimya. Kazi ilichukua chini ya saa moja. Tukamwuliza fundi madhara yangekuwa gani lau wangeendelea vile. Akasema valvu isiyokaa mahali pake haipoi, huungua, na ikikatika kichwa huitoboa pistoni.

Gari likawaka kwa mara ya kwanza, baridi ikiwa ingalipo. Lilipopata moto likaanza kugonga kwa mbali. Fundi akasema sauti hiyo iachwe.

Ujira ulilipwa palepale. Lile neno lililotamkwa mbele ya majirani tulimwambia mume likaondolewe mbele ya majirani walewale, akaenda, ingawa alichelewesha hadi baada ya chai. Binti yetu alikuwa nyuma ya gari na brashi ya rangi nyeupe, akiandika ndani ya kifuniko cha injini: FITO ZA CHUMA. PIMA BARIDI. SIFURI.