Mashini haikatai jina la mtu

Hapa Bigo, na kule kwenye site ya wahami wa vita ya Kigonze, kuna neno ambalo mama wengi wamelizoea: «Mama, mashini imekataa jina lako.» Mtu amepanga mstari tangu asubuhi, jeton mkononi, mtoto mgongoni. Kijana mwenye ordinatere anaandika jina, anatikisa kichwa, anaita mwingine. Mama anarudi mikono mitupu. Njiani anajiuliza kama ni sababu ya kabila lake, au kijiji alichokimbia, au kama kuna mtu aliyefuta jina lake. Katika mji wenye vidonda kama Bunia, swali hilo si dogo.

Mimi ninasema hivi: mara nyingi jina lile limo ndani. Kijana hakulipata kwa sababu hajui mashini inatafuta namna gani, na hajui kwa sababu hakuna aliyemfundisha. Hapo ndipo lawama yangu iko.

Tuangalie mashini yenyewe. Ordinatere haijui herufi. Inajua namba tu. A kubwa kwake ni 65, Z kubwa ni 90, a ndogo ni 97. Ile alama ndogo iliyo katikati ya jina kama Dz'bo ni 39 ukiiandika imenyooka. Lakini programu ya Word mara nyingi inaigeuza yenyewe ikawa alama iliyopinda, na namba ya hiyo ni 8217. Kwa macho yetu ni jina moja. Kwa mashini ni majina mawili, kama vile Ngabu na Lossa. Karani mmoja aliandika kwa Word, mwingine anatafuta kwa telefone, na mama wa Djugu anabaki nje ya orodha.

Kuna tatizo lingine. Orodha ikiwa na majina 1,000, mashini haina haja ya kuyasoma yote. Inafungua katikati, inauliza kama jina linalotafutwa liko mbele au nyuma, inatupa nusu moja, kisha inafanya vile vile kwenye nusu iliyobaki. Mara 10 zinatosha. Kwa majina milioni moja, mara 20. Ni njia nzuri sana, lakini ina sharti moja: orodha iwe imepangwa kwa kanuni ile ile inayotumika kutafuta. Kama mtu alipanga majina kwa alfabeti ya shule na mashini inalinganisha kwa namba, Élie wetu yumo katika E, lakini mashini inamtafuta chini kabisa, baada ya Z. Inatupa nusu ambayo yeye yumo, na inajibu kwamba hayupo.

Njia ya namna hiyo, hatua kwa hatua mpaka jibu, ndiyo inaitwa algoritimu. Kuna chache za zamani ambazo kila mwenye kazi ya ordinatere anapaswa kuzijua: kutafuta, kupanga, kuzidisha, kugawanya. Lakini vijana wetu wanalipa feza kusomea birotiki. Wanafundishwa wabonyeze wapi kwenye Word, wabonyeze wapi kwenye Excel, wanapewa sertifika, basi. Siku kitufe kinapojibu vibaya, hawana la kufanya isipokuwa kumwambia mama mashini imekataa.

Najua mtanijibu. «Moto wa umeme unakatika, ordinatere ni chache, na wewe unataka watoto wa wahami wajifunze lugha ya mashini?» Ndiyo. Somo hilo ndilo linalohitaji vitu vichache kuliko yote.

Chukueni makopo matatu na maharagwe. Tunataka bei ya mifuko 13 ya makala, kila mufuko dola 12. Kopo la kushoto lina maharagwe 13, la kulia 12, la tatu ni tupu. Kanuni ni hii: kama hesabu ya kushoto haigawanyiki kwa mbili, ongeza kiasi cha kulia ndani ya kopo la tatu. Kisha punguza la kushoto kwa nusu, haragwe lisilo na mwenzake litupwe, na la kulia liongezwe mara mbili. Rudia mpaka la kushoto liishe. Kushoto itakuwa 13, 6, 3, 1. Kulia itakuwa 12, 24, 48, 96. Ile 24 tunairuka kwa sababu 6 inagawanyika. Kopo la tatu linabaki na 12 na 48 na 96, yaani 156. Mtoto wa miaka kumi anaweza.

Huo si mchezo wa kudanganya watoto. Kuna mashini ndogo inayoitwa 6502, iliyotoka mwaka 1975 na kutumika ndani ya Apple II. Haikuwa na amri ya kuzidisha hata moja. Ilijua amri 56 tu, na sehemu zake kubwa za kushikia namba zilikuwa tatu, kama makopo yetu. Aliyetaka kuzidisha aliiandikia hatua hizi hizi: gawa kwa nusu, angalia kilichobaki, ongeza, rudia. Leo kuna programu za bure zinazoiga mashini hiyo, na nyingine zinafanya kazi ndani ya telefone hata intaneti ikikatika. Maharagwe kwanza, telefone baadaye.

Hata wakubwa wa kazi hii walipita njia hiyo. Donald Knuth wa Marekani, alipotoa mwaka 1968 kitabu cha kwanza cha mfululizo wake mkubwa juu ya algoritimu, aliandika mifano yake kwa lugha ya mashini aliyoibuni mwenyewe, MIX. Haikuuzwa dukani popote. Wanafunzi walifuata hatua zake kwa karatasi na kalamu. Kwa nini sisi tungoje chumba chenye ordinatere 20?

Nikumbushe pia mfupa wa Ishango, uliochimbuliwa mwaka 1950 na Jean de Heinzelin, pale mto Semliki unapotoka ziwani kuelekea kwetu Ituri. Una mikwaruzo iliyopangwa kwa mafungu: 3 karibu na 6, 4 karibu na 8, 10 karibu na 5. Wataalamu bado wanabishana juu ya maana yake. Lakini mimi nikiona mara mbili na nusu zimekaa pamoja hivyo, nafikiri makopo yetu. Mfupa wenyewe uko Brussels.

Sisemi birotiki ifungwe. Kijana anayejua Excel anapata kazi mapema, na nyumba inahitaji chakula leo. Ninaomba saa mbili kwa juma ziongezwe. Kati ya wahami kuna walimu wa hesabu wanaokaa bure, na vyumba vya shule viko wazi jumamosi mchana. Wazazi wa Bigo, muulizeni mwalimu wa birotiki swali moja kabla ya kulipa: mtoto wangu ataweza kueleza kwa nini jina halionekani?

Na wewe mama uliye kwenye mstari, ukiambiwa mashini imekataa, usiondoke kwanza. Mwambie kijana, kwa upole, aandike herufi mbili za kwanza tu. Akikosa, ashuke kwa macho mpaka chini kabisa ya orodha, baada ya Z.