Jamaa wa fotokopi

Leo nina la moyoni.

Juzi nilikwenda kutoa kopi ya handauti ya saikolojia, lile jaribio la mwaka 1985 la Baron-Cohen, Leslie na Frith. Sally anaweka gololi kwenye kikapu, anatoka. Anne anaihamishia kwenye boksi. Sally akirudi ataitafuta wapi? Watoto wengi wa miaka 3 husema kwenye boksi, maana wao wanajua iko huko. Wakifika miaka 4 au 5 hivi, wengi husema kwenye kikapu. Wameshaelewa kuwa kichwa cha mwenzao kina mambo yake.

Jamaa wa fotokopi akanipa karatasi zangu, akauliza, "Mwalimu, hili nimemjaribu binti yangu kwa pipi, akakosa. Ana tatizo?"

Nikaduwaa. Miaka miwili namwambia "oya, kopi kumi, fasta", shikamoo hakuna. Sikuwahi kuwaza kwamba anasoma anachotoa! Binti ana miaka 3. Nikamwambia asihofu, bado mdogo.

Jamani, mtihani wa Sally tulishaufaulu utotoni, ila kujua mtu ana akili si sawa na kumchukulia kama mtu. Sisi tunaokwenda kushika chaki, kama huyu tulimwona sehemu ya mashine, wale wanafunzi 70 darasani tutawaonaje?

Leo nimepita kumsalimia na kumuuliza jina. Akacheka. Kumbe langu analijua siku zote, huwa naliandika juu ya kila handauti.