Lubumbashi: Mwenye darubini aanze na kilengeo, si na namba ya kwenye katoni

Kipwa kinapoanza na mawingu kuondoka juu ya Lubumbashi, wako wakaaji wanaotoa dola zao za akiba kwa ajili ya kitu ambacho majirani wanakiona cha ajabu: darubini ya kutazama nyota, au telesikopu, kama wengi wanavyoiita. Inatoka Dubai au Guangzhou pamoja na simu na viatu, inapita Kasumbalesa, inafika lupangoni. Juma la kwanza watoto wote wa avenue wanapanga mstari kutazama mwezi. Juma la tatu darubini iko juu ya kabati, na mwenyewe anasema alidanganywa.

Mara nyingi hakudanganywa kuhusu kioo. Kioo cha milimita 70 kinatosha kuonyesha pete za Zohali, sayari ambayo wanafunzi wanaijua kwa jina la Saturne. Shida ni kwamba haoni mahali pa kuelekeza. Darubini inayokuza mara 100 inaonyesha kipande cha anga kisichozidi sana upana wa mwezi mpevu, yaani kama nusu digrii. Ni kama kutafuta kuku mmoja katika soko la Kenya kwa kutazama ndani ya mrija wa soda. Mwezi ni mkubwa, kila mtu anaupata. Zohali ni nukta moja kati ya nukta nyingi, na hapo ndipo mtu anakata tamaa.

Ndiyo maana kila darubini inakuja na kifaa kidogo juu ya bomba lake, kilengeo, cha kuonyesha bomba limeelekea wapi. Katoni inapiga kelele kuhusu kukuza mara 500 na zaidi, namba ambayo kioo cha milimita 70 hakiwezi kuibeba (mara 140 ni mwisho wake), lakini kuhusu kilengeo haisemi neno. Kwenye darubini za bei ndogo kilengeo hicho ni kibomba cha plastiki chenye lenzi hafifu, kinachoonyesha picha kichwa chini na kuhama kikiguswa tu. Mtu anayeanza akisukuma kulia, nyota inakimbia upande mwingine. Pesa za kwanza baada ya darubini zingefaa kwenda hapo, kabla ya kununua lenzi nyingine ya kukuzia.

Kilengeo kinachomfaa anayeanza ni kile cha nuru inayorudishwa. Hakikuzi kitu. Ndani yake taa ndogo nyekundu inamulika alama, lenzi inaitengeneza nuru ile ionekane kama inatoka mbali sana, na kioo kilicholala mshazari kinairudisha jichoni. Mtu anafungua macho yote mawili, anaona anga lote kama lilivyo, na juu yake nukta au maduara mekundu kama yamechorwa kati ya nyota. Anasukuma darubini mpaka alama iiguse nyota anayotaka. Basi. Wazo hilo si geni: Howard Grubb, mtengeneza darubini wa Dublin, alilipatia hati mwaka 1900, na bunduki na ndege za vita zikalichukua kabla halijarudi kwa watazama nyota.

Kinachojulikana zaidi ni Telrad, cha Mmarekani Steve Kufeld. Kina maduara matatu, ya upana wa nusu digrii, digrii 2 na digrii 4, na maduara hayo yana faida kuliko nukta moja, kwa sababu yanapima. Katikati ya mwezi wa tano, saa tatu usiku, Msalaba wa Kusini unasimama wima upande wa kusini wa Lubumbashi, karibu nusu ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini. Nyota ya mkono wake wa kushoto inaitwa Mimosa. Mtu akiiweka Mimosa kwenye ukingo wa duara la digrii 2, juu upande wa kulia, katikati ya maduara patakuwa na kundi la nyota liitwalo Sanduku la Vito: nyota za rangi ya buluu na moja nyekundu kati yao. Lacaille, Mfaransa, aliliandika akiwa Cape mwaka 1751 na 1752. Watu wengi wa Ulaya hawalioni kamwe kutoka kwao. Hapa liko juu ya mabati ya kila nyumba.

Wapo watakaosema kilengeo kisichokuza hakifai mjini, kwa sababu kinahitaji nyota zinazoonekana kwa macho matupu. Wana haki nusu. Katikati ya mji, chini ya taa za maduka na za barabarani, kibomba kizuri cha kukuza mara 8 chenye lenzi ya milimita 50 kitashinda. Lakini Katuba au Ruashi, umeme wa SNEL ukikatika, anga linajaa nyota kuliko mtu wa Brussels anavyoweza kuota. Hakuna anayesherehekea kukatika kwa umeme. Giza hilo lakini lipo, na kilengeo cha nuru kimetengenezwa kwa ajili ya giza kama hilo.

Wengine wanapendelea kalamu ya laser ya kijani iliyofungwa juu ya bomba. Katika Lubumbashi huo ni uamuzi mbaya. Ndege zinashuka Luano, na mwali unaoingia chumba cha rubani unaweza kumpofusha kwa muda wakati anapouhitaji uso wake zaidi. Askari wa doria naye hatauliza kwanza kama ni mambo ya nyota. Nuru ya kilengeo inaishia jichoni mwa anayetazama. Haipigi mwali angani.

Mnunuzi asitazame jina peke yake. Telrad ina urefu wa kama sentimita 20, na juu ya bomba jembamba la milimita 60 haikai. Hapo kile kidogo cha nukta moja kinatosha, mradi kina kitufe cha kupunguza nuru. Nukta kali inaifunika nyota yenyewe. Telrad inatumia mawe mawili kama yale ya rimoti, yanayopatikana kila kioski. Vile vya nukta vinatumia betri bapa ya CR2032, inayokufa haraka mtu akisahau kuzima. Na katikati ya mwezi wa saba, kundi la Nge linapokuwa karibu juu ya utosi, shingo itauma kwa kilengeo chochote cha kutazama moja kwa moja. Kiti kifupi kinasaidia kidogo.

Kukirekebisha ni kazi ya mchana. Bomba la moshi la Gécamines linaonekana kutoka malupango mengi: darubini inaelekezwa kwenye ncha yake, kisha skrubu zinazungushwa mpaka duara likae palepale. Lakini jua liwe mgongoni. Kilengeo hakina kichujio cha kulinda jicho, na kikiachwa wazi kuelekea jua, lenzi yake inaweza kuunguza alama iliyo ndani.

Asiye na dola 40 au 50 asingoje. Taa ya rimoti iliyokufa haitafaa, maana nuru yake haionekani kwa macho. Ile ya kuonyesha kuwa redio imewashwa inafaa. Ikiongezwa lenzi ndogo na kipande cha kifuniko cha CD, vijana wanaotengeneza simu sokoni wana mikono ya kuviunganisha. Hata pete mbili za waya zilizobandikwa juu ya bomba, moja mbele na moja nyuma, zitaipata Zohali kabla ya kile kibomba cha plastiki.