Maziwa ya Jioni na Nyanya za Kiangazi

Wakulima wenzangu, kazi yangu mimi ni ya kalamu. Kabla ya kuingia katika ofisi ya kilimo nilisomea ualimu, na mpaka leo watu wa skimu yetu huniita Mwalimu, ingawa chaki niliiacha zamani. Karani hachomi sindano ng'ombe wala hapimi udongo, lakini husikia mengi, maana kila mwenye shida hupita mezani pake kwanza kabla ya kumwona Bwana Shamba. Na shida mbili huzisikia kila mwaka kutoka Januari mpaka Machi, jua linapokuwa kali. Ya kwanza ni hii: "Nyanya zimeiva zote mara moja, na bei imeanguka." Ya pili: "Maziwa ya jioni hayafiki asubuhi, yamekatika."

Ya tatu haiji ofisini. Hiyo niliiona kwa macho yangu, asubuhi moja ya mwezi wa Februari. Langoni pa nyumba palikuwa na masanduku 3 ya nyanya yakingojea gari la mnunuzi. Kando yake palikuwa na mtungi wa maziwa uliofunikwa vizuri. Ndani ya nyumba watoto wawili walikuwa wakijitayarisha kwenda shule, na mezani pao palikuwa na chai ya turungi na mkate mkavu. Hakuna tone la maziwa katika chai ile, wala kipande cha nyanya juu ya mkate ule. Ningependa kuwaambieni kwamba nyumba hiyo ni ya mtu mvivu au mlevi ambaye nilimwonya. Nyumba hiyo ni yangu, na watoto wale ni wangu.

Nilipouliza, mke wangu alinijibu kwa upole, "Baba, si wewe uliyesema hata ya jioni yauzwe?" Ni kweli, nilisema hivyo. Ada za shule zilikuwa zimekaribia.

Tabia hii ya kuona kila tone la maziwa kuwa ni shilingi haikuanza na sisi. Skimu nyingi za nchi hii zilianza baada ya mwaka 1962, wakati mashamba makubwa ya walowezi yalipoanza kununuliwa na kugawanywa kwa watu wetu. Wazee hawakupewa ardhi bure. Walichukua mkopo wa shamba, na wengi mkopo wa ng'ombe pia, na maziwa na pareto ndivyo vilivyotoa pesa za kulipa. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Alituambia kwamba katika miaka ile mtoto aliyeonekana na kikombe cha maziwa aliulizwa kama anataka shamba lirudi kwa Serikali. Alikuwa akitania, lakini mzaha huo ulikuwa na ukweli mwingi ndani yake. Sasa babu hayupo, mkopo ule ulikwisha, na shamba lile la ekari 15 limegawanywa mara mbili. Lililosalia bila kugawanywa ni hofu yake. Tunauza kama watu wenye deni lile lile, kisha tunakwenda dukani kununua chakula kisichofika hata nusu ya ubora wa kile tulichouza.

Maoni yangu ni haya, na najua wengine watayapinga. Ng'ombe hukamuliwa asubuhi na jioni, ndiyo kusema mara 14 kwa juma. Katika hizo 14, mara moja ibaki nyumbani kwa kufanya jibini bichi, na watu wa nyumba wale jibini hiyo pamoja na nyanya zao wenyewe, juu ya mkate uliobanikwa. Sisemi maziwa ya kutia katika chai. Hayo yawe ya kila siku bila mjadala. Nasema mkamuo mmoja mzima, wa Jumamosi jioni, uwe wa nyumba.

Wengi wakisikia jibini hufikiri juu ya mashine, vyumba vya baridi na Mzungu mwenye koti jeupe. Jibini ya kiwandani ina kazi kubwa, hilo kweli. Lakini jibini bichi ya nyumbani haihitaji chochote ambacho mama hana jikoni mwake: sufuria, moto, ndimu, chumvi na kitambaa safi. Mimi mwenyewe nimeifanya, tena mara ya kwanza niliiharibu, kwa hiyo nitaeleza polepole.

Chukua lita 4 za maziwa yaliyokamuliwa siku hiyo hiyo, yaliyochujwa vizuri. Kama ng'ombe alitibiwa ugonjwa wa kiwele au alichomwa sindano yoyote, usiyatumie mpaka zipite zile siku alizosema daktari wa mifugo. Yatie motoni, moto wa wastani, huku ukikoroga mpaka chini ya sufuria ili yasishike. Yaache yachemke mpaka yapande. Jambo hili la kuchemsha si la hiari. Maziwa mabichi yaweza kuleta ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe, ambao kwa binadamu huwa homa ndefu na maumivu ya viungo, na yaweza kuleta kifua kikuu pia. Moto huua vijidudu hivyo. Mtu akikwambia kwamba jibini ya maziwa mabichi ni tamu zaidi, mwache ale peke yake.

Yakishapanda, epua. Ngoja kidogo, kisha mimina maji ya ndimu kidogo kidogo, ukikoroga taratibu sana. Kwa kila lita moja hutosha vijiko vikubwa 2 au 3, kutegemea ukali wa ndimu. Hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza: nilimimina yote kwa mpigo na kukoroga kama mtu apikaye ugali, nikapata unga unga mkavu uliokuwa mchungu kwa ndimu. Ukienda polepole utaona maziwa yakikatika mwenyewe. Mabonge meupe hujitenga, na maji hubaki ya rangi ya manjano iliyochanganyika na kijani. Maji yakiwa bado meupe kama maziwa, ongeza ndimu kidogo. Yakishakuwa mangavu, acha, usiongeze tena. Funika kwa dakika 10.

Tandika kitambaa safi kilichochemshwa juu ya chujio, mimina, kisha suuza mabonge yale kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, ili ukali wa ndimu upungue. Tia kijiko kidogo cha chumvi, changanya, funga kitambaa na ukitundike kwa muda wa saa moja. Ukitaka jibini ngumu ya kukatwa vipande, iweke chini ya jiwe safi muda zaidi. Kwa mkate, iliyo laini ndiyo bora. Lita 4 zitakupa zaidi ya nusu kilo. Yale maji yaliyochujika usiyamwage. Yafaa kupikia uji, na nguruwe huyapenda mno. Jibini yenyewe si chakula cha kuhifadhi. Mahali penye baridi yaweza kukaa siku mbili, na kwangu haijawahi kulala hata siku moja.

Sasa nyanya. Hapa ndipo sisi wakulima tunapojinyima zaidi, maana nyanya za kuuza huchumwa zikiwa bado zina ukijani ili zisipondeke njiani. Mtu wa Nairobi hajawahi kuionja nyanya jinsi ilivyo kweli. Wewe unaweza. Acha miti michache karibu na nyumba, na nyanya zake ziive kabisa juani mpaka ziwe nyekundu hata karibu na kikonyo. Zichume mchana, uzioshe, uzikate vipande vyembamba, uzinyunyizie chumvi na kuziacha dakika 10 katika sahani. Zitatoa maji, yamwage, au uyanywe kama mimi. Ukiruka hatua hii mkate utalowa kabla haujafika mdomoni. Katia kitunguu kidogo na majani ya dhania ukipenda. Pilipili ni shauri la mwenye nyumba.

Mkate wa jana ni bora kuliko wa leo, kwa kuwa mkate mpya ni laini mno. Kata vipande vya unene wa kidole kimoja, uvibanike juu ya wavu, kwenye makaa yasiyo na moshi, mpaka viwe rangi ya kahawia pande zote mbili. Mwenye kitunguu saumu apake mkate ungali moto. Tandaza jibini kwanza, kisha nyanya juu yake. Usigeuze mpango huu, kwa sababu jibini ndiyo inayozuia maji ya nyanya yasiufikie mkate. Kula papo hapo. Asiye na mkate abanike kiazi kitamu, akipasue, afanye vivyo hivyo. Kwangu mimi hicho hupita mkate, lakini watoto hawakubaliani nami.

Mzee mmoja jirani yetu alipita nyumbani Jumamosi moja akanikuta nimetundika kitambaa changu. Alitazama kwa muda, akaniuliza, "Mwalimu, hayo si maziwa yaliyoharibika?"

Nikamwambia, "La, mzee, nimeyakata makusudi."

Akasema, "Hicho ni chakula cha Wazungu. Tumbo langu halikijui."

Sikubishana naye papo hapo, kwa heshima yake, lakini jambo hilo lafaa lijibiwe. Mahindi tunayoyaita chakula chetu yalitoka Amerika. Nyanya nazo zilitoka huko huko, na hata Ulaya hazikujulikana kabla ya safari za Wahispania katika karne ya 16. Hakuna anayeuliza leo kama sukuma wiki iliyokaangwa kwa nyanya ni ya kigeni. Na jibini hii ya ndimu si ya Wazungu hata kidogo. Ndugu zetu wenye asili ya Kihindi huifanya majumbani mwao na huiita panir, na huitia katika mchuzi pamoja na mchicha. Tena kugandisha maziwa si elimu ngeni hapa kwetu. Wakalenjin wana mursik yao, ambayo huwekwa katika kibuyu kilichopakwa makaa ya mti maalumu, na hakuna aliyewafundisha. Mzee yule alikula vipande 3. Alipoondoka alisema chumvi ilizidi.

Hoja nzito zaidi ni ile ya pesa, na hiyo siifanyii mzaha, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niuze maziwa ya watoto wangu. Wapo watakaosema: Karani ana mshahara mwisho wa mwezi, sisi tuna hundi ya maziwa tu. Ni kweli. Lakini pigeni hesabu. Nusu kilo ya jibini katika maduka makubwa ya mjini huuzwa kwa zaidi ya mara mbili ya bei anayopata mkulima kwa lita zile 4. Mkamuo mmoja katika 14 si shamba. Na ule mkamuo wa jioni, mara ngapi katika mwezi huharibika usiku, au hurudishwa na chama asubuhi kwa kuwa umechacha? Yule aliyemwaga mtungi mtaroni kwa sababu gari lilikwama katika matope hawezi kuniambia kwamba hana lita 4 za kuwapa watoto.

Kuna jambo jingine ambalo wanaume hatupendi kulisema mbele ya watu. Katika nyumba nyingi tangu zamani, maziwa ya asubuhi yalikwenda katika chama kwa jina la baba, na maziwa ya jioni yalikuwa ya mama. Ndiyo aliyotumia kwa chakula, au aliuza kidogo kwa jirani akapata chumvi na sabuni. Siku hizi mwenye pikipiki huja mpaka mlangoni jioni na pesa taslimu, na baba hunyosha mkono kwanza. Mimi nilikuwa mmoja wa hao. Tunasema mama hajui kulisha watoto, hali tumemwondolea kitu alichokuwa akiwalishia. Naona si haki, na sioni haja ya Bwana Shamba wala Chifu kuja kuliamua. Mwenye nyumba aweza kulitengeneza leo jioni, kabla pikipiki haijafika.

Neno la tahadhari kwa wenye akili ya biashara, maana najua wapo na tayari wanahesabu. Kufanya jibini ya kula nyumbani ni shauri lako. Kuiuza ni jambo jingine. Biashara ya maziwa na vitu vitokanavyo na maziwa ina sheria yake, na Kenya Dairy Board, ambayo imekuwako tangu mwaka 1958, ndiyo itoayo leseni. Njooni ofisini tuandikishane vizuri kabla ya kununua masufuria makubwa. Akina mama wa kikundi kimoja wamekwisha kuniuliza, na nimewaandikia barua ya kuomba maelezo.

Nyumbani kwangu Jumamosi jioni sasa ina utaratibu wake. Mkubwa hukamua ndimu, mdogo hulinda makaa, na mama yao ndiye anayeamua maziwa yaepuliwe lini, kwa kuwa mimi nimekwisha kuyamwaga motoni mara mbili nikisoma gazeti. Ndimu zikiadimika tunatumia siki nyeupe, kwa kipimo kile kile, ingawa harufu yake hukaa kidogo. Nyanya za karibu na nyumba zimebaki miti 6. Mvua za Machi zikianza majani yataungua, basi juma hili nimewaambia wasiuze hata moja.