Ufukweni Raskazone, mita 27 chini ya bahari

Mitihani imekwisha, nikakimbilia nyumbani Tanga. Jumamosi jioni niko ufukweni Raskazone na binamu yangu anayesomea urubani. Nikafungua programu ya GPS kwenye simu, nijidai kidogo. Ikaandika urefu: mita -27. Maji yananilowesha vidole vya miguu tu, simu inasema nimezama! Binamu alicheka mpaka akakaa chini kwenye mchanga.

Simu haikuwa mbovu. GPS hupima urefu kuanzia umbo la dunia la kihesabu, na umbo hilo halijui habari za bahari. Kwenye pwani yetu, usawa halisi wa bahari uko chini ya umbo hilo kwa kama mita 25 hadi 30. Vifaa vingi vya mkononi husahihisha tofauti hiyo, programu nyingine hazisahihishi. Halafu satelaiti zote ziko juu yako, hakuna iliyo chini ya miguu, ndiyo maana kosa la urefu kwa kawaida ni kubwa kuliko kosa la mahali ulipo.

Sasa kuna jamaa wanasema rubani wa ndege ndogo akiwa na GPS nzuri, altimeta ya mgandamizo wa hewa ni ya kizamani. Mimi nakataa, tena si kwa sababu ya hizo mita 27. Hata GPS ikiwa sahihi kabisa, kuifuata ni hatari!

Kwa nini? Altimeta imetengenezwa kwa hewa ya nyuzi 15 usawa wa bahari. Tanga tunaijua, 30 ni kawaida. Hewa ya joto hutanuka, kwa hiyo altimeta ikisoma futi 8,500, ndege inaweza kuwa juu zaidi kwa futi 300 hadi 400. Lakini ndege zote angani zinakosea pamoja, kwa kiasi kilekile, na ndiyo maana hazigongani. Rubani anatoka Tanga kwenda Arusha kwa kuangalia nje, amepanga futi 8,500. Akishuka ili GPS ndiyo isome 8,500, altimeta yake itakuwa kwenye 8,100 na kitu. Amewasogelea wanaoruka kwa vyombo kwenye futi 8,000, na mawingu yakiwepo hamna atakayemwona mwenzie.

Je, GPS tuitupe? Hapana jamani. Milima ya Usambara inapita mita 2,000. Rubani akikosea kurekebisha altimeta kwa hektopaskali 10 tu, amejidanganya karibu futi 300, na GPS ndiyo itakayomshtua mapema. Iwepo, aitazame, ikipishana sana na altimeta aulize mnarani. Ila kiwango cha kuruka akishike kwa altimeta, kama wenzake wote.

Binamu kakubali, ila jina la "mzamiaji" halinitoki tena. Mkinikuta kantini muhula ujao, mnikosoe.