Tupime Kabla ya Kufuta

Haba na haba hujaza kibaba. Methali hii, ambayo aghalabu huhusishwa na akiba, yaeleza vyema pia yanayotendeka ndani ya tarakilishi zetu. Faili huingia moja moja pasi na sisi kutambua, hadi siku kiwambo kinapotangaza kwamba diski imejaa. Hapo wengi wetu hushikwa na pupa ya kufuta. Maoni yangu ni kwamba mwanafunzi wa Kiswahili hana budi kujifunza kupima makabrasha yake kabla ya kufuta chochote, na akishapima, ajue namna ya kukisoma kipimo chenyewe.

Kupima si kazi ya wataalamu pekee. Katika Windows, orodha ya makabrasha haionyeshi ukubwa wa kila kabrasha. Yabidi kulibofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha kufungua dirisha la sifa zake. Humo mna takwimu mbili: ukubwa wa yaliyomo, na nafasi yanayochukua diskini. Mbili hizi huhitilafiana kwa kuwa diski hugawa nafasi kwa vipande, aghalabu vya kilobaiti 4. Hivyo basi, faili ya kilobaiti 5 hutengewa vipande viwili, yaani kilobaiti 8. Katika mifumo ya jamii ya Unix, amri iitwayo du imekuwa ikifanya kazi hiyo tangu mwaka 1971.

Je, vipimo hivi vyatufunza nini sisi wanalugha? Kwanza, maandishi ni mepesi mno. Kiswahili huandikwa kwa herufi zisizo na alama za ziada, kwa hivyo kila herufi huhifadhiwa kwa baiti 1 tu. Ukurasa wa herufi 2,000 ni kilobaiti 2. Tasnifu ya kurasa 100 kama huo ni kilobaiti 200 za maandishi matupu. Pili, sauti ni nzito. Rekodi isiyobanwa, ya kiwango cha CD za muziki, huchukua zaidi ya megabaiti 10 kwa dakika, na takriban megabaiti 635 kwa saa. Saa moja ya mahojiano, basi, ina uzito wa maandishi ya tasnifu zaidi ya 3,000!

Hapo ndipo penye hatari. Anayetafuta kabrasha kubwa kuliko yote ili alifute, huenda akafuta sauti alizozikusanya nyanjani: ngano, nyimbo za jando na majigambo. Wapo watakaodai kwamba unukuzi watosha. Hoja hiyo haina mashiko. Fasihi simulizi ni utendaji. Kiimbo cha fanani, kimya chake na kicheko cha hadhira havimo katika unukuzi. Isitoshe, mzee aliyetusimulia huenda asiwepo tena tukirudi kijijini kwake.

Tufanyeje basi? Tuanze kwa kupima makabrasha ya filamu, ya vitu tulivyopakua na ya nakala zilizorudiwa, kwani hivyo hupatikana tena. Rekodi nazo zinakiliwe katika diski mbili tofauti. Baada ya kunakili, tulinganishe idadi ya faili na ukubwa wa yaliyomo, wala si nafasi diskini, maana nafasi hiyo hubadilika kulingana na diski. Tukibana sauti hadi megabaiti 1 hivi kwa dakika, nakala hiyo iwe ya kusikiliza tu; asili ihifadhiwe, kwani kilichotupwa wakati wa kubana hakirudi.

Walimu wetu hutufundisha namna ya kumhoji fanani na kumnukuu. Ningependa somo hilo liongezewe saa moja ya kupima na kuhifadhi tulichokusanya. Vinginevyo, tutafuta kwa dakika moja urithi uliosimuliwa vizazi na vizazi, na majuto, kama ilivyo ada, yatakuwa mjukuu.